SOMO LA ROBO HII: Taa za ziada za gari la parokia lazima zizimike dereva anapopiga dimu



Katika masomo yaliyopita tumezungumzia pampu za visima, mapaa ya madarasa na utunzaji wa stoo. Safari hii tunaleta somo kuhusu taa za ziada za gari, zile ambazo wengi wetu huziita spotilaiti. Ni kazi ndogo kwa gharama, lakini ikifanywa vibaya inaweza kuua mtu. Tunaileta kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na tungependa parokia nyingine zijifunze bila kupitia tuliyoyapitia.

Mambo yalivyotokea

Hapa Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, barabara hazilali. Usiku utakutana na malori, pikipiki, wachimbaji wadogo wanaorudi kwa miguu, baiskeli zilizopakia mkaa, na mara nyingine ng'ombe waliotoka zizini. Wakati wa kiangazi vumbi huongeza giza.

Gari letu ni Toyota Land Cruiser hardtop. Mchana hubeba saruji na mafundi wa visima. Usiku hubeba wagonjwa. Dereva aliomba taa mbili za ziada ili aone mbali, na kamati ikakubali. Fundi umeme alizifunga alasiri moja. Mwenyekiti aliziona zinawaka, tukalipa, tukasaini.

Usiku wa tatu gari lilimpeleka mama mjamzito Kahama. Njiani dereva alikutana na mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa. Kama kawaida akapiga dimu, na hapo ndipo taa za ziada zikawaka zote mbili usoni mwa yule ndugu. Alishindwa kuona akatumbukia mtaroni. Tunamshukuru Mungu kwamba alipata michubuko tu, na mama alifika akajifungua salama. Tulimlipa ndugu yule mkaa wake uliomwagika, tukamwomba radhi.

Asubuhi dereva alituambia, "Mwenyekiti, taa hizi zinafanya kazi kinyume. Nikiweka fuli zinazima, nikipiga dimu zinawaka." Tulidhani amechoka. Jioni tukaenda kuangalia wenyewe, na ilikuwa kweli tupu.

Kanuni ya kwanza: taa za ziada ni wasaidizi wa fuli

Taa za ziada za kuonea mbali hazina kazi peke yake. Zinatakiwa kuwaka pamoja na fuli tu, na kuzimika papo hapo dereva anapopiga dimu. Dereva asitegemee kukumbuka swichi ya pili wakati anakutana na lori. Mkono mmoja uko kwenye usukani na jicho liko barabarani. Kwa hiyo zifungwe kwa namna ambayo dimu yenyewe inazizima.

Kanuni ya pili: tumia rilei

Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 unapata takriban ampea 9. Umeme huo ukipitishwa kwenye swichi ndogo ya ndani ya gari, swichi itapata moto na hatimaye kuungua. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo sana: swichi ya dereva inaiamrisha rilei, na rilei ndiyo inayopitisha umeme mkubwa kutoka kwenye betri.

Rilei ya kawaida ina miguu minne yenye namba. Mguu namba 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, na fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri. Namba 87 hupeleka umeme kwenye taa. Namba 85 na 86 ndizo za amri: umeme ukipita kati yake, rilei inafunga na taa zinawaka.

Waya wa taa uwe wa milimita 2.5 za mraba. Waya mwembamba wa milimita 0.75, ukiwa na urefu wa mita 5, hupoteza karibu volti 1 njiani, na taa ya halojeni ikikosa volti 1 hupoteza takriban robo ya mwanga wake. Waya wa milimita 2.5 kwa urefu huo hupoteza theluthi tu ya volti. Mahali ambapo waya unapita kwenye bati uwekewe mpira, maana bati hukata ganda la waya na kuleta shoti.

Kanuni ya tatu: jua gari lako linakata upande gani

Hapa ndipo kosa letu lilipokuwa. Katika magari mengi, swichi ya taa hukata na kuunganisha upande wa moto, yaani chanya, na taa ina ethi ya kudumu kwenye bodi. Katika gari la namna hiyo fundi huchukua waya wa fuli, anaupitisha kwenye swichi ya dereva hadi namba 86, na namba 85 anaipeleka kwenye bodi. Michoro mingi inayokuja na taa inaonyesha hivyo.

Lakini Land Cruiser nyingi za aina ya hardtop hufanya kinyume. Taa zikiwashwa, moto hufika kwenye taa wakati wote, na swichi ya fuli na dimu inakata upande wa ethi. Ukiweka fuli, waya wa fuli unapata ethi na hauna moto. Ukipiga dimu, waya huo unakosa ethi, na moto unapita katika uzi wa fuli ndani ya balbu hadi kwenye waya huo huo. Moto huo ni mdogo mno kuwasha fuli, lakini unatosha kabisa kuiamrisha rilei. Ndiyo maana taa zetu zilizimika kwenye fuli na kuwaka kwenye dimu. Fundi hakuwa mzembe. Alifuata mchoro wa gari la aina nyingine.

Marekebisho yalichukua muda mfupi. Namba 86 iliunganishwa na waya wa moto wa kudumu kwenye soketi ya taa kubwa. Namba 85 ilipitishwa kwenye swichi ya dereva hadi kwenye waya wa fuli. Sasa dereva akiweka fuli, namba 85 inapata ethi na rilei inafunga. Akipiga dimu, pande zote mbili zina moto, hakuna umeme unaopita kati yake, na taa zinazimika.

Jinsi ya kupima kabla ya kufunga

Kamati inaweza kumwomba fundi afanye kipimo hiki mbele yao:

1. Achomoe soketi za taa kubwa zote mbili. Akiacha moja, majibu yatadanganya.
2. Klipu ya taa ndogo ya kupimia aibane kwenye bodi ya gari.
3. Taa za gari ziwashwe, kisha aguse kila pini ya soketi, kwanza kwenye fuli, halafu kwenye dimu.
4. Ikiwa kuna pini inayowasha taa ya kupimia kwa nguvu ile ile katika hali zote mbili, gari linakata upande wa ethi, kama letu. Ikiwa pini moja inawaka kwenye fuli tu na nyingine kwenye dimu tu, gari linakata upande wa moto.

Msitegemee rangi za waya. Magari mengi yetu yamepita kwa mafundi wengi, na rangi hazina uhakika tena. Pia hakikisheni voltiji: malori mengi hutumia volti 24, na taa au rilei ya volti 12 itaungua humo.

Kupokea kazi

Kosa la fundi lilikuwa moja, letu yalikuwa mawili: tulipokea kazi mchana, na hatukujaribu dimu. Siku hizi kamati yetu hailipi fedha ya mwisho mpaka giza liingie na mambo haya yaonekane kwa macho:

- Taa za gari zikizimwa, taa za ziada haziwaki hata swichi yake ikiwa imewashwa.
- Kwenye dimu haziwaki.
- Kwenye fuli zinawaka zote mbili.
- Dereva akirudi dimu, zinazimika mara moja.
- Mjumbe mmoja asimame mbele ya gari, umbali wa hatua hamsini, aseme kama dimu inamuumiza macho.

Kwa wafadhili wetu

Baadhi yenu mmetuuliza kama mtume taa kutoka kwenu. Tunashukuru sana. Tunaomba mkumbuke kwamba Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Taa kubwa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, kama Ujerumani, huinua mwanga wa dimu upande wa kulia, na huku kwetu upande huo ndiko anakotoka anayekuja. Vilevile taa za LED hula umeme mdogo, lakini hupofusha kama zile za zamani, kwa hiyo nazo zifungwe kwa kanuni hizi hizi. Msaada unaotufaa zaidi ni rilei nzuri, fyuzi, waya wa unene sahihi, na posho ya fundi kurudi jioni kukabidhi kazi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Gari au pikipiki ya parokia yetu ina taa za ziada? Nani amewahi kuzijaribu usiku akiwa amesimama mbele yake?
2. Dereva wetu akileta taarifa ya hitilafu, tunamsikiliza siku hiyo hiyo au tunasubiri kikao?
3. Ni kazi gani nyingine tumezipokea na kuzilipia bila kuzijaribu katika hali zitakakotumika?

Yule ndugu wa mkaa bado anapita njia yetu. Dereva wetu akimwona usiku, anapiga dimu kutoka mbali, na taa zote za ziada zinazimika.