Jibu Lipo Mbele Yako: Vidokezo 10 vya Maswali ya Kuchagua ya Hisabati

Kila Septemba, watahiniwa wa darasa la saba Tanzania hukutana na karatasi ya Hisabati ambayo sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua: swali moja, herufi A hadi E, jibu sahihi moja tu. Wengi humaliza kukokotoa kwanza, ndipo waangalie machaguo kutafuta namba inayofanana na yao. Hapo alama nyingi hupotea bila sababu. Machaguo ni sehemu ya swali. Yanakuambia jibu ni la aina gani, lina ukubwa gani, na mtunzi alitegemea watu wateleze wapi.

Vidokezo hivi ni vyako wewe mtahiniwa, na vya mzazi au mwalimu anayekaa nawe jioni kufanya mazoezi. Vitakufaa pia ukiwa Kenya, ambako machaguo huwa manne, au ukijiandaa kwa mtihani wowote wa kuchagua huko mbele ya safari.

1. Jua kwanza unaulizwa nini

"Asha alikuwa na shilingi 45,000. Alitumia 2/5 ya fedha hizo kununua madaftari. Alibakiwa na shilingi ngapi?" Unatafuta 2/5 ya 45,000, unapata 18,000, unatupa jicho kwenye machaguo na 18,000 ipo pale kwenye A. Lakini hizo ni fedha alizotumia. Alizobakiwa nazo ni 27,000.

Pigia mstari neno linalobeba swali: alibakiwa, jumla, tofauti, kila mmoja. Ukishapata namba, lirudie neno hilo kabla ya kuweka kivuli. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

2. Machaguo yakiachana mbali, kadiria

Tafuta 398 × 51. Machaguo ni: A 2,298, B 12,298, C 20,298, D 28,298, E 202,298. Huna haja ya kupanga namba juu na chini. 398 iko karibu sana na 400, na 51 iko karibu na 50. 400 × 50 ni 20,000. Ni chaguo moja tu lililo jirani na 20,000, nalo ni C. Umemaliza swali kwa sekunde chache, na muda uliookoa utaupeleka kwenye fumbo gumu.

3. Yakikaribiana, kagua tarakimu

Sasa chukua 347 × 268, na machaguo A 92,896, B 92,992, C 92,996, D 93,008, E 93,004. Hapa kukadiria hakusaidii, maana yote yamebanana. Anza na tarakimu ya mwisho: 7 × 8 ni 56, kwa hiyo jibu lazima liishie na 6. B, D na E zimetoka. Zimebaki A na C.

Zitenganishe kwa kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. 347: 3 + 4 + 7 = 14, kisha 1 + 4 = 5. 268: 2 + 6 + 8 = 16, kisha 1 + 6 = 7. Zidisha 5 kwa 7 upate 35, kisha 3 + 5 = 8. Jibu sahihi nalo lazima liishie kwenye 8. Tarakimu za 92,896 zinaleta 34, yaani 7, hivyo A imeanguka. Za 92,996 zinaleta 35, yaani 8. Jibu ni C.

Njia hii ni ya kukataa majibu. Haitoshi kuthibitisha jibu peke yake, kwa sababu namba mbili zenye tarakimu zilezile zilizobadilishana nafasi zitaleta jumla ileile. Itumie pamoja na tarakimu ya mwisho au makadirio.

4. Fahamu kila jibu baya limetoka wapi

Kama kuna kidokezo kimoja cha kushika hapa, shika hiki. Mtunzi makini haweki namba za ovyo kwenye machaguo. Anafikiria makosa ambayo wanafunzi huyafanya, anayakokotoa hadi mwisho, kisha anaweka matokeo yake pembeni ya jibu sahihi. Ndiyo maana kukuta namba yako kwenye machaguo hakuthibitishi kwamba umepata.

Tazama hili: 24 − 4 × 3 + 12 ÷ 6. Ukienda moja kwa moja kutoka kushoto bila kujali matendo, unapata 20, kisha 60, kisha 72, na mwisho 12. Ukifuata MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), unagawanya na kuzidisha kwanza, swali linakuwa 24 − 12 + 2. Hapa wapo wanaosema "JU inatangulia TO", wanajumlisha 12 na 2 kupata 14, halafu 24 − 14 = 10. Jibu sahihi ni 14, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa: unafanya kinachotangulia kutoka kushoto, 24 − 12 = 12, kisha 12 + 2 = 14.

Kwa hiyo ukikuta 10, 12 na 14 zimepangwa pamoja, ujue kila moja ina historia yake. Ukiweza kusema historia ya zile mbili mbaya, huwezi kuzichagua.

5. Jaribu machaguo yenyewe, ukianzia la katikati

"Umri wa baba ni mara nne ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 6, umri wa baba utakuwa mara tatu ya umri wa mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa?" Machaguo: A 10, B 12, C 14, D 16, E 18.

Unaweza kuunda mlinganyo, na ni vizuri ujue kuuunda. Ila ukikwama, majibu yamepangwa kutoka dogo hadi kubwa, basi anza na C. Mtoto akiwa na 14, baba ana 56. Baada ya miaka 6 watakuwa na 20 na 62. Mara tatu ya 20 ni 60, na baba amezidi kwa 2. Jaribu upande mmoja: B. Mtoto 12, baba 48. Baada ya miaka 6 ni 18 na 54, na 18 × 3 ni 54 kamili. Umepata. Kama B ingekuzidishia tofauti badala ya kuipunguza, ungegeukia D na E. Kuanzia katikati kunakuonyesha mwelekeo, hivyo ni nadra kulazimika kujaribu yote matano.

6. Weka namba mahali pa herufi

Rahisisha 3(2x + 1) − 2(x − 4). Machaguo: A 4x − 5, B 4x + 7, C 4x + 11, D 8x + 11, E 4x − 1. Kama huna uhakika na alama za kutoa, chukua x = 2. Swali linakuwa 3 × 5 − 2 × (−2), yaani 15 + 4 = 19. Sasa weka 2 kwenye kila chaguo: A inatoa 3, B 15, C 19, D 27, E 7. Jibu ni C.

Epuka 0 na 1. Ungechukua x = 0, swali lingekupa 11, na C na D zote zingekupa 11. Chagua 2, 3 au 5.

Kwenye asilimia, namba ya kuchukua ni 100. "Bei ya kiatu ilipanda kwa 20%, kisha ikashuka kwa 20%. Bei imebadilikaje?" Wengi hukimbilia "haijabadilika". Anza na 100: imepanda hadi 120. Asilimia 20 ya 120 ni 24, imebaki 96. Bei imeshuka kwa 4%.

7. Uliza kama jibu linawezekana

2/3 + 1/4 ni ngapi? Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini anapata 3/7, na 3/7 itakuwepo kwenye machaguo. Lakini 2/3 peke yake imeshapita nusu, na 3/7 haijafika hata nusu. Ukiongeza kitu, jumla haiwezi kupungua. Jibu ni 11/12.

Vivyo hivyo, 0.3 × 0.2 haiwezi kuwa 0.6, kwa sababu unatafuta sehemu ndogo ya 0.3. Ni 0.06. Basi la abiria halikimbii kilometa 600 kwa saa, na mwanafunzi hawezi kuwa na miaka 2 na nusu akiwa darasa la nne. Mara nyingi akili ya kawaida itaondoa machaguo mawili kabla penseli haijagusa karatasi.

8. Vizio na saa vina mitego yake

Duara lenye kipenyo cha sm 14 lina nusukipenyo cha sm 7. Eneo lake, kwa kutumia 22/7, ni sm² 154. Ukisahau kugawa kipenyo utapata 616, na ukitafuta mzingo badala ya eneo utapata 44. Zote tatu hupenda kukaa kwenye swali moja. Angalia kizio cha majibu: sm² ni eneo, sm ni urefu au mzingo. Kumbuka pia kwamba m² 1 ni sm² 10,000, si 100.

Kwenye mwendo, dakika 15 ni saa 0.25. Anayeandika 0.15 atapotea hatua ya kwanza.

Halafu kuna kubadili saa za Kiswahili kuwa mtindo wa saa 24. Saa 2:30 usiku ni 2030, ilhali 0230 na 1430 zitakuwa hapo zikikuvuta. Shika kanuni tatu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 3 asubuhi ni 0900. Kuanzia saa 1 usiku mpaka kabla ya saa 6 usiku, ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri, toa 6: saa 8 usiku ni 0200.

9. Pita mara mbili, na linda fomu yako

Mzunguko wa kwanza, fanya yale unayoyaweza mara moja. Swali likikukwamisha, liwekee alama kwenye karatasi ya maswali, ruka, endelea. Swali gumu na swali jepesi hapa yana uzito uleule, hivyo hakuna haja ya kuacha mepesi matano mwishoni kwa ajili ya fumbo moja. Mzunguko wa pili, rudi kwenye yale uliyoyaruka.

Unaporuka swali, ruka na mstari wake kwenye fomu ya kujibia. Kila baada ya maswali matano linganisha namba ya swali na namba ya mstari. Tumia penseli ya HB, jaza kivuli kimoja tu kwa swali, na ukibadili mawazo futa cha kwanza kitoke kabisa. Fomu inasomwa na mashine, na mashine haijui ulikusudia nini.

10. Usiache wazi, lakini bahatisha kwa mpango

Mtihani wa darasa la saba haukati alama kwa jibu lililokosewa. Ukiacha wazi, umepata sifuri kwa hakika. Ukibahatisha kati ya matano, una nafasi 1 kati ya 5. Ukishaondoa matatu kwa makadirio, tarakimu ya mwisho au kizio, nafasi yako ni nusu kwa nusu. Kazi ya kuondoa ndiyo inayokupa alama.

Sheria hii si ya kila mtihani, hivyo soma maelekezo. SAT ya Marekani ilikuwa ikikata robo alama kwa kila kosa la swali la kuchagua, hadi ilipobadilishwa mwaka 2016. Shindano la AMC 10, la hukohuko Marekani, hutoa alama 6 kwa jibu sahihi, 1.5 kwa swali lililoachwa wazi na 0 kwa kosa. Kwenye shindano hilo, kubahatisha kabla ya kuondoa machaguo kunakugharimu.

Jioni ya leo, fanya hivi

Mbinu hizi hazichukui nafasi ya jedwali la kuzidisha wala kujua sehemu na desimali. Zinafanya kazi kwa mtu anayejua. Basi chukua karatasi ya mtihani uliopita, chagua maswali kumi, na ukishayajibu usiishie kwenye vema na kosa. Kwa kila swali, mweleze mzazi, kaka au rafiki kila chaguo baya limetokana na kosa gani. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionyesha wangapi walichagua kila herufi na nini kiliwapotosha. Mwalimu, zitafute na uzisome na darasa lako. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini A, B, D na E si majibu hatakuwa na wasiwasi anapoweka kivuli kwenye C.