Mashine ya Kupima Maji na Majani

Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo la Sayansi, nami nimechagua jambo ambalo liliniaibisha kabla ya kunifundisha.

Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne tulipewa kazi ya kupima fosfeti katika bwawa la samaki lililo chini ya bustani ya shule. Fosfeti ni chakula cha mimea, nayo imo katika mbolea na samadi. Ikizidi katika maji yaliyotuama, mwani huota hata bwawa likawa kijani kitupu. Na mwani huo unapokufa na kuoza, hewa ya oksijeni iliyomo majini hupungua, samaki wakakosa pumzi. Bwawa letu lilikuwa limekwisha kuwa kijani, na samaki watatu walikuwa wameelea. Kila mtu akawatazama wadogo zetu wa Kidato cha Pili, ambao matuta yao ya mchicha yalikuwa ukingoni kabisa.

Kipimo chenyewe si kigumu. Unatia ndani ya maji dawa iitwayo amonia molibdeti pamoja na asidi ya salfuriki, kisha unaongeza vitamini C. Fosfeti ikiwamo, maji hugeuka buluu. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. (Majina ya dawa nayaandika kama tunavyoyatamka darasani, Mwalimu wa Kiswahili anisamehe.) Kundi moja lilipima maji ya mfereji kabla hayajafika bustanini, na kundi langu likapima maji ya bwawa. Ya wenzetu yalikuwa na rangi hafifu, ya kwetu yalikuwa buluu kama wino. Nikaandika katika daftari kwamba mbolea ya bustani inaingia bwawani, nikatia sahihi. Habari ikafika ofisini, na wa Kidato cha Pili wakakatazwa kugusa matuta yale, hata kuyamwagilia maji.

Baada ya siku nne Mwalimu wetu wa Kemia alirudi kutoka safari, akasoma daftari langu, akaniuliza swali moja tu: "Baada ya kutia dawa mlikaa muda gani ndipo mkatazama rangi?"

Wenzetu walikuwa wametazama baada ya dakika 10. Sisi tulitia dawa, kengele ya uji ikalia, tukaacha testityubu mezani, tukarudi baada ya saa nzima. Sasa rangi ile huja polepole, na kwetu ilikuja polepole zaidi kwa sababu hatukuwa na antimoni, dawa inayoiharakisha. Kumbe sikupima bwawa. Nilipima urefu wa foleni ya uji.

Ndipo Mwalimu alipotueleza habari za mashine aliyoitumia alipokuwa masomoni, na tangu siku ile sijaacha kuifikiria.

Aliyeibuni ni Leonard Skeggs, mwanakemia wa hospitali ya askari wastaafu katika mji wa Cleveland, nchini Marekani. Kazi yake ilikuwa kupima damu za wagonjwa, na kila damu ilipimwa kwa mkono, chupa moja baada ya nyingine. Skeggs aliachana na chupa. Aliyafanya maji yenyewe yatembee ndani ya mpira mwembamba, na dawa zikutane nayo njiani. Mwaka 1957 aliandika habari za mashine yake, na mwaka huo huo kampuni ya Technicon ikaanza kuiuza kwa jina la AutoAnalyzer. Baadaye watu wa maji na wa udongo waliona kwamba kinachofaa kwa damu kitafaa pia kwa mto na kwa jani la mhindi.

Hebu tufuate tone moja la maji ya bwawa. Sindano ndefu inaingia katika kikombe na kuyavuta maji, kisha inahamia katika maji safi ili isafishike kabla ya kikombe kinachofuata. Anayevuta ni pampu yenye vyuma vya mviringo vinavyoviringika juu ya mipira mingi iliyolazwa sambamba, vikiikamua kama mtu akamuavyo utumbo wa mbuzi. Mpira mnene hupitisha maji mengi na mwembamba hupitisha machache. Basi ukiuchagua vema unene wa kila mpira, vipimo vya dawa vimekwisha kupangwa, wala hakuna mtu wa kushika bureti.

Halafu linakuja jambo lililonishangaza kuliko yote. Kwa makusudi pampu inaingiza viputo vya hewa, kama vile vinavyopanda katika chupa ya soda, ikikata mkondo wa maji vipande vipande. Mimi ningedhani hewa ni adui. Lakini maji yakitembea katika mpira bila kukatwa, ya katikati hukimbia na ya pembeni hujikokota, hata maji ya bwawa yakachanganyika na ya mfereji yanayofuata nyuma. Kiputo hufanya kazi ya ukuta, na tena hufagia kuta za mpira kinapopita. Kila kipande kinakuwa kama chupa ndogo inayosafiri. Kinapita katika kioo kilichosokotwa kama chemchemi ya godoro, kikipinduka juu na chini mpaka dawa imechanganyika sawasawa, na kama rangi yahitaji joto kinapitishwa penye joto. Mwisho kinafika mbele ya taa. Maji ya buluu humeza mwanga mwekundu. Jicho la umeme upande wa pili linapima mwanga uliosalia, na zamani kalamu ilichora kilima juu ya karatasi. Siku hizi kilima huchorwa na kompyuta.

Hapa ndipo aibu yangu ilipopata jibu. Katika mashine hii muda umegeuzwa kuwa urefu. Kila tone linasafiri mpira ule ule kwa mwendo ule ule, kwa hiyo kila tone linakaa na dawa muda ule ule, kengele ya uji ilie isilie. Mwaka 1975 Jaromir Ruzicka na Elo Hansen, huko Denmark, waliendelea mbele zaidi. Waliondoa viputo, wakatumia mrija mwembamba sana na kuingiza maji kidogo tu kwa mpigo. Rangi hata haingojewi ikamilike! Madhali zote zinatazamwa katika hatua moja ya safari, zaweza kulinganishwa kwa haki. Mashine ya viputo hupima vikombe 40 au 60 kwa saa. Hii ya pili yaweza kupita 100.

Mwaka 1995 meli ya utafiti ya Marekani, Knorr, ilikuwa katika Bahari ya Hindi ikichota maji kutoka juu hadi karibu na sakafu ya bahari, na fosfeti na nitreti zilipimwa mle mle melini kwa mashine za namna hii, kwa sababu maji yakiwekwa muda mrefu hubadilika.

Majani yana taabu zaidi, maana jani halipiti katika mpira. Hukaushwa, husagwa, kisha huchemshwa katika asidi kali mpaka limekuwa maji maangavu. Hapo mkondo mmoja waweza kugawanywa, upande huu ukapima fosfeti na upande ule naitrojeni. Mhindi uliokosa fosfeti aghalabu huonyesha rangi ya zambarau majanini, lakini baridi nayo yaweza kuleta rangi hiyo. Jicho peke yake halitoshi. Wala mashine haijui ulikochota maji. Chupa iliyooshwa kwa sabuni yenye fosfeti itatoa kilima kirefu kizuri cha uongo. Ndiyo sababu kati ya vikombe huwekwa maji ambayo kipimo chake kinajulikana, ili mashine nayo ifanye mtihani.

Mashine hiyo hatuna. Tulijaribu kuiga kwa mpira wa dripu tuliopewa na muuguzi wa zahanati, tukaloa hadi viatuni. Basi tukaichukua kanuni tukaiacha pampu. Tulipanga testityubu 10: za mfereji, za bwawa, za maji matupu, na za fosfeti tuliyoipima wenyewe. Tukatia dawa moja baada ya moja kila dakika, mwenzangu akishika saa, na kila moja tukaitazama juu ya karatasi nyeupe ilipotimiza dakika 20 kamili, si zaidi. Kazi hiyo tuliifanya Jumamosi, mbali na kengele.

Kati ya maji ya mfereji na ya bwawa hatukuweza kuona tofauti yoyote. Fosfeti ilikuwamo, lakini ilikuwa imetoka juu, kabla ya kufika bustanini.

Nilikwenda mwenyewe ofisini kufuta sahihi yangu, kisha nikaenda kwa wa Kidato cha Pili. Matuta mawili ya mchicha yalikuwa yamekwisha kukauka. Waliniruhusu nichote maji ya kumwagilia yaliyobaki, ndoo 12 kila jioni kwa juma zima, na muhula ujao tutapanda juu kando ya mfereji tukiwa na testityubu na saa.