Mzigo wa Mama Humfikia Mtoto Tumboni

Ni siku ya kliniki. Mama anampima mtoto kwenye mzani. Uzito ni mdogo. Bibi wa mtoto anasema, "Ukoo wa mama yake wote ni hivyo. Ni damu yao." Mama anainamisha kichwa. Hasemi neno.

Sisi wa zahanati tunayasikia maneno haya mara nyingi. Je, ni kweli? Leo tujifunze.

Vinasaba ni nini?

Kila mtoto hurithi vinasaba, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Vinasaba ni maagizo yaliyo ndani ya mwili. Huuambia mwili ujijenge vipi.

Vifananishe na kitabu chako cha kisomo. Maneno ya kitabu hayabadiliki. Lakini mwalimu anaweza kutia alama kwa penseli. Alama moja inasema, "Soma hapa." Nyingine inasema, "Ruka hapa." Kitabu ni kile kile, lakini kinasomwa kwa namna nyingine.

Mwili nao hutia alama kwenye vinasaba. Ni chembe ndogo za kemikali zisizoonekana kwa macho. Elimu ya alama hizi huitwa epijenetiki. Alama nyingi hutiwa mtoto angali tumboni. Hapo ndipo maisha ya mama yanapoingia: chakula chake, kazi yake na hofu yake.

Wataalamu wameona nini?

Kongo ni jirani yetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mashariki ya nchi hiyo uko mji wa Goma. Watu wake wanasema Kiswahili kama sisi. Wamepata taabu ya vita kwa miaka mingi. Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 25 wa huko na watoto wao wachanga. Mama aliyepatwa na mashaka makubwa, mtoto wake alikutwa na alama nyingi zaidi kwenye kinasaba kimoja. Kinasaba hicho husaidia mwili kutuliza hofu. Tena, watoto hao walikuwa na uzito mdogo. Akina mama 25 ni wachache, lakini habari yao inatufundisha.

Huko Gambia, Afrika Magharibi, wataalamu walichunguza njaa ya masika. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba chakula cha mama wakati mimba inatungwa kinahusiana na alama za mtoto. Waliotungwa masika walitofautiana na waliotungwa kiangazi.

Na sisi Katavi?

Sisi hatuna vita. Lakini tazama mwezi wa Januari. Ghala linakaribia kwisha na magugu yamejaa shambani. Mama mjamzito anapalilia tangu asubuhi. Akirudi anateka maji, anabeba kuni, anapika. Anakula wa mwisho, na mboga imekwisha.

Kwenye tumbaku anachuma majani yenye umande. Sumu ya tumbaku hupita kwenye ngozi ya mikono yake. Wengine hupigwa nyumbani. Na wengine wangali wasichana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu, kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba.

Usielewe vibaya

Alama hizi si hukumu. Mtoto akinyonya vizuri, akilishwa na kupendwa, anaweza kukua vema. Wala usimlaumu mama. Mama hakuchagua njaa, wala hakuchagua fimbo. Mzigo wake ni wa nyumba nzima, na nyumba nzima iupunguze.

Tufanye nini?

1. Mama aanze kliniki kabla mimba haijafika miezi mitatu. Baba aende naye.

2. Mama mjamzito apakuliwe kwanza. Ale ugali pamoja na maharage, karanga, mboga za majani, na dagaa au migebuka ikipatikana. Ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

3. Baba na vijana wachukue ndoo, kuni na jembe zito.

4. Mama mjamzito asichume wala asifunge tumbaku mbichi. Asivute, wala asivutiwe moshi karibu.

5. Asipigwe wala asitukanwe. Anayepigwa amwambie muuguzi au kiongozi wa kijiji. Jirani asinyamaze.

6. Binti aachwe asome na akomae kwanza.

7. Mtoto akizaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita.

Ndugu msomaji, malezi huanzia tumboni. Ukimwona mtoto mwenye uzito mdogo, usiulize mama ametoka ukoo gani. Muulize, "Mwanangu, ulipokuwa na mimba ulikula nini? Nani alikutekea maji?"

Maswali ya kujadili katika kisomo

1. Alama za penseli katika kitabu zinafanana vipi na alama za mwilini?

2. Nyumbani kwako nani hupakuliwa kwanza? Kwa nini?

3. Taja kazi tatu za mama mjamzito ambazo wewe unaweza kuzifanya kuanzia kesho.