Mbwa Anapombwekea Mgeni: Maana ya Sauti Hiyo na Namna ya Kuituliza

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aliyetumwa kumjulia hali mama aliyejifungua juma lililopita, anafika kwenye geti lenye maandishi "Mbwa Mkali". Anapiga hodi. Kabla mwenyeji hajaitika, mbwa anakuja mbio akibweka. Mhudumu anarudi nyuma, anangoja kidogo, kisha anakwenda nyumba ya pili. Katika daftari lake kaya ile inaandikwa kuwa haikutembelewa. Mama hakuonwa, kitovu cha mtoto hakikutazamwa, na aliyekataa huduma ni mbwa peke yake.

Kwa mbwa, tukio hilo ni somo. Wengi wa mbwa wanaowabwekea wageni husukumwa na hofu kuliko ukali, na kubweka ni njia yao ya kumtaka asiyejulikana akae mbali. Mgeni akiondoka, mbwa hujifunza kwamba kubweka kumefaa, na siku nyingine atabweka mapema zaidi. Mwenyeji anayemfokea kutoka ndani huongeza taharuki tu. Anayempiga huharibu zaidi, kwa kuwa mbwa huyaunganisha maumivu na ujio wa wageni. Tena mbwa anayechapwa kila anaponguruma huweza kuacha kunguruma bila kuacha kuogopa, na hakuna mbwa wa hatari kuliko yule anayeuma bila kutoa onyo.

Mara nyingi hofu hiyo huanzia utotoni. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa huwa mwepesi wa kuwazoea watu wa kila namna. Aliyeupitisha muda huo nyuma ya nyumba, akiwaona watu wawili watatu tu, hukua akimshuku kila mwenye mwavuli, kofia au mkongojo. Desturi ya kumfunga mnyororo mchana kutwa ili awe mkali usiku haifai: mlinzi mzuri ni mbwa anayetoa taarifa, kisha akanyamaza mwenyeji anapomwambia.

Kumfundisha mbwa wa namna hii kwahitaji chakula, umbali na subira. Mwenyeji humshika mbwa kwa kamba, akamwomba mtu asiyezoeleka asimame mahali ambapo mbwa anamwona lakini bado hajaanza kubweka. Kwa mbwa mmoja hapo ni hatua 10, kwa mwingine ni ng'ambo ya barabara. Mgeni akionekana, mbwa hupewa kipande cha nyama au dagaa. Mgeni akitoweka, dagaa nao hukoma. Utaratibu huo usigeuzwe: mgeni atangulie, chakula kifuate, hata mbwa aanze kumtazama mwenyeji kwa furaha kila amwonapo mtu mpya. Kanuni yenyewe ni ile aliyoieleza Ivan Pavlov wa Urusi, ambaye mbwa wake walidondokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyotangulia chakula.

Dakika 5 kwa siku zatosha, na umbali hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa. Mbwa akibweka, hajafanya ukaidi; amesogezwa haraka mno, basi arudishwe nyuma. Mgeni asimlishe mbwa mwoga kwa mkono, maana tamaa ya chakula humleta karibu kuliko anavyoweza kustahimili. Mafunzo yakiendelea, siku ya ziara mbwa afungiwe chumbani kabla mhudumu hajafika. Simu ya dakika moja yatosha kulipanga hilo. Kwa Waislamu wengi wa Pwani, wafuatao madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, hivyo kumfungia ni heshima kwa mgeni pia.

Mhudumu naye asitegemee usemi kwamba mbwa abwekaye haumi, wala asidhani kila mkia unaotikisika ni wa urafiki. Mwili uliokakamaa, macho yaliyomkazia mtu na midomo iliyokunjwa kuonyesha meno ni onyo. Mkia uliobanwa katikati ya miguu ni hofu, na mbwa mwoga aliyebanwa pembeni huuma. Asikimbie wala asimkodolee macho. Asimame ubavu, mikono ikiwa chini, kisha arudi nyuma taratibu.

Lipo badiliko lisilohitaji mafunzo hata kidogo. Mbwa aliyekuwa mtulivu akageuka ghafla, sauti ikakwaruza, mate yakamtiririka, akapepesuka au akauma vijiti na mawe, ashukiwe kuwa na kichaa cha mbwa. Watu wajitenge naye na afisa mifugo aarifiwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka mafuta, majivu wala pilipili, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeuma akiwa mzima na anajulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini matibabu ya aliyeumwa hayangoji siku hizo ziishe.