Upatanisho wa Kisarufi na Ujumbe wa Kosa katika Mkalimani wa Amri

Utangulizi

Wapo wasomi wa Kiswahili wanaochukulia kwamba isimu na uundaji wa programu za tarakilishi ni taaluma mbili zisizokutana. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa dhana hiyo haina mashiko. Yanachunguza suala moja finyu, yaani jinsi mkalimani wa amri katika programu ya kusaka kasoro anavyopaswa kushughulikia makosa. Hoja ya msingi ni kwamba ujumbe mbaya wa kosa hautengenezwi kwa kubadilisha maneno pekee. Sharti kwanza mkalimani atofautishe aina za makosa, na sarufi ya Kiswahili hudai utofautishaji uo huo.

Kazi ya mkalimani wa amri

Programu ya kusaka kasoro humwezesha mtaalamu kuisimamisha programu nyingine katikati ya utendaji wake ili achunguze kinachoendelea ndani yake. Mfano mashuhuri ni GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 chini ya mradi wa GNU. Mtumiaji huandika amri, naye mkalimani huipokea, huichanganua na kuitekeleza, kisha hurudi kungoja amri nyingine.

Tuchukue amri ya kuonyesha thamani ya kigeu kiitwacho "umri". Amri hii inaweza kukwama katika viwango vinne, na mwanaisimu atavitambua vyote. Kwanza ni kiwango cha msamiati, ambapo neno la amri lenyewe halimo katika orodha ya mkalimani. Pili ni kiwango cha sintaksia, ambapo amri inajulikana lakini usemi unaoifuata umevunja kanuni, kwa mfano mabano yamefunguliwa bila kufungwa. Tatu ni kiwango cha muktadha. Hapa usemi ni sahihi, ila jina "umri" halipatikani mahali programu iliposimama, hata kama linapatikana kwingine. Nne ni kiwango cha urejelezi, ambapo jina lipo, lakini anwani ya kumbukumbu linayoielekeza haisomeki.

GDB hutoa ujumbe tofauti kwa kila mojawapo ya hali hizi. Aidha, mtumiaji akifupisha amri hadi ikazua utata, GDB huitaja ile amri kuwa tata na kumworodheshea amri zinazoweza kukusudiwa. Mkalimani hakisii kwa niaba ya mtumiaji, na wala hanyamazi.

Kosa la kuyameza makosa

Katika wakalimani wengi wanaoundwa kwa haraka, mwandishi wa programu huweka mtego mmoja unaonasa kila kosa na kutoa jibu moja, "Kuna hitilafu". Madhara yake huonekana dhahiri pale amri zinaposomwa kwa mfululizo kutoka kwenye faili. Chukua faili yenye amri tatu. Ya kwanza inaagiza programu isimame katika sehemu fulani, ya pili inaiendesha, na ya tatu inaonyesha thamani ya "umri". Iwapo jina la sehemu hiyo limeandikwa vibaya, na mkalimani akameza kosa hilo na kuendelea, programu itakwenda hadi mwisho bila kusimama. Amri ya tatu itakosa cha kusoma, na mtumiaji ataanza kuchunguza amri ya tatu ilhali chanzo ki katika amri ya kwanza. Chombo kilichoundwa kusaka kasoro kinageuka kuwa kificho chake.

Marekebisho yana hatua tatu. Mosi, kosa libebe aina yake na maelezo yake kutoka lilipozuka hadi ngazi ya juu, ambako hutangazwa mara moja tu. Pili, kila kilichofunguliwa njiani kifungwe, na hali ya mkalimani irejeshwe ilivyokuwa, bila kuiua programu inayochunguzwa. Tatu, mfululizo wa amri ukatizwe pale kosa linapotokea. GDB hufuata utaratibu huu wa kukatiza faili ya amri na kumrudishia mtumiaji udhibiti. Isitoshe, GDB hutenga kosa la mtumiaji na hitilafu ya ndani ya GDB yenyewe, ili mtumiaji asibebeshwe lawama isiyo yake.

Dai la ngeli

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Waandishi wengi wa programu hutunga kiunzi kimoja cha ujumbe chenye pengo, mathalani "___ haijulikani", kisha hulijaza pengo hilo kwa nomino yoyote. Katika Kiingereza kiunzi cha namna hii hupita bila tatizo, maadamu kivumishi hakibadiliki kwa kufuata nomino. Katika Kiswahili kiunzi hicho huporomoka papo hapo: amri haijulikani, jina halijulikani, kigeu hakijulikani, mstari haujulikani, mahali hapajulikani. Kila nomino hudai kiambishi chake.

Mfasiri anayekabidhiwa kiunzi hicho hana njia ya kukifasiri kwa usahihi. Sharti amwombe mwandishi wa programu atenganishe ujumbe mmoja uwe mitano. Ili autenganishe, mwandishi hana budi kujua kilichokwama ni amri, jina, kigeu, mstari au mahali. Kwa hivyo upatanisho wa kisarufi unamrudisha kwenye hatua ya kwanza ya marekebisho, yaani kosa kubeba aina yake. Sifa ambayo baadhi ya watu huiona kuwa mzigo wa Kiswahili inageuka kuwa kipimo cha ubora wa programu.

Uteuzi wa istilahi nao una nafasi yake. Kosa, hitilafu na kasoro hutumiwa kiholela kana kwamba ni visawe kamili. Katika muktadha huu ingefaa kosa litengewe kile anachokosea mtumiaji, hitilafu itengewe kukwama kwa mkalimani mwenyewe, nayo kasoro itengewe dosari iliyo katika programu inayochunguzwa. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu akisoma neno moja kwa hali zote tatu, hatajua ajisahihishe, aripoti, au aendelee kusaka.

Hitimisho

Juhudi za kuzipa programu sura ya Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, mara nyingi mfasiri huitwa baada ya programu kukamilika, naye hukuta viunzi vilivyokwisha kukazwa kwa sarufi ya lugha nyingine. Makala haya yanapendekeza kwamba mwanaisimu wa Kiswahili ashirikishwe tangu ujumbe wa makosa unapobuniwa. Hatakuwa anapamba kazi iliyokwisha. Atakuwa akiuliza swali ambalo programu yenyewe inapaswa kulijibu: ni nini hasa kisichojulikana?