Kwa Nini Maji ya Bafu Yasiingie Chooni

Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, Mtanzania wa kijijini amehimizwa mara nyingi kuchimba choo. Maji ya bafu yaende wapi, hilo halisemwi sana. Choo na bafu vinaweza kukaa chini ya paa moja bila tatizo. Visichangie shimo moja, na sababu zake ni hizi.

Shimo la choo lina kazi mbili. Majimaji hunywea udongoni kupitia matundu madogo ya kuta zake, na kinachobaki huliwa na bakteria kikapungua. Kazi hizo zina kiwango chake.

Chukua kaya ya watu 6 inayojenga Gehandu, mkoani Manyara. Shimo lake la duara lina upana wa mita 1 na kina cha mita 3, kwa hiyo hubeba lita 2,350 hivi. Kila mtu akioga kwa lita 10 kwa siku, ni lita 60. Udongo usiponyonya chochote, maji ya kuoga peke yake yatalijaza kwa siku 39 tu. Udongo wa kichanga hunyonya haraka, wa mfinyanzi hunyonya polepole, na uchafu wa sabuni na mafuta ya mwili huziba matundu. Maji yakituama, kuta hulainika na huweza kuporomoka.

Maji hayo pia huzalisha mbu. Kuleksi, mbu aenezaye matende, hutaga juu ya maji machafu yaliyotuama, na viluwiluwi vyake hupanda juu kuvuta hewa. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe za polistirini zinazoelea kwenye mashimo ya vyoo yenye maji. Viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu hao wakapungua sana. Shimo kavu halihitaji chembe hizo, kwa kuwa kuleksi hana pa kutaga.

Kabla ya kujenga, pima udongo wako. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakinywea kijaze tena. Simika kijiti chenye alama, uangalie maji yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka upesi, shimo dogo lililojazwa mawe litayapokea maji ya bafu. Yakikawia, yapeleke kwa mfereji hadi kwenye miti.

Fundi akikushauri uchimbe shimo moja ili kupunguza gharama, mwambie achimbe mawili.