Paa la Daraja

(Mto Connecticut, Marekani, kati ya New Hampshire na Vermont. Mvua inanyesha. Mzee, fundi seremala mzaliwa wa Tanga, amesimama na mjukuu wake, aliye juu ya baiskeli, ndani ya daraja la mbao la Cornish–Windsor.)

MJUKUU: Babu, hili daraja limeezekwa kama nyumba. Waliwahurumia wapita njia wasilowe?

BABU: Mpita njia akilowa, mjukuu wangu, hufika nyumbani akajianika. Waliuhurumia mti. Ubao unaolowa na kukauka, ukalowa tena, huozea kwenye maungio, maana maji yakishaingia humo hayatoki upesi. Daraja la mbao likiachwa wazi, miaka kumi au ishirini linakwisha. Hili ni la 1866, na magari bado yanapita.

MJUKUU: Kwa hiyo paa halibebi kitu?

BABU: Uzito wa magari haulihusu. Wabebaji ni hizi mbao za pembeni, zilizopishana mshazari kama ukili wa jamvi. Ubunifu huo ni wa Ithiel Town, aliyeupatia hataza mwaka 1820. Alitumia mbao nyembamba, akazifunga kwa vigingi kila zinapopishana, kazi ambayo seremala wa kijijini aliiweza. Mafundi wa hapa, James Tasker na Bela Fletcher, walichukua magogo mazito ya mraba, wakayachonga mapengo yapate kuumana. Kwanza waliliunga uwandani, upande wa Windsor, ndipo wakalileta mtoni. Mita 137, na katikati nguzo moja tu ya mawe.

MJUKUU: Kabla ya hapo watu walivukaje?

BABU: Daraja la kwanza lilijengwa 1796. Hili ni la nne. Yale matatu yalichukuliwa na mafuriko.

MJUKUU: Na kile kibao mlangoni, kinachosema farasi watembezwe, atakayekaidi atozwe dola mbili?

BABU: Farasi wakikimbia, kwato hupiga sakafu kwa mpigo mmoja. Daraja zima hutikisika, maungio yakalegea. Faini ile ilikuwa dawa ya kinga.

MJUKUU: Wakati wa theluji paa liliwafaa zaidi, bila shaka.

BABU: Liliwaongezea kazi! Zamani majira ya baridi watu walisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya theluji. Humu ndani theluji haiingii. Basi kwenye madaraja kama haya watu waliichota nje kwa sepetu, wakaitandaza sakafuni ili magari yateleze.

MJUKUU: Walibeba theluji kuiingiza ndani!

BABU: Kwa mikono yao. Daraja la mbao linataka mtu wa kulishughulikia, na fedha pia. Hili lilikuwa la kulipia hadi 1943, ingawa jimbo la New Hampshire lilikwisha kulinunua tangu 1936. Mwaka 1989 likafanyiwa matengenezo makubwa.

MJUKUU: Lakini mto ukifurika tena, paa litasaidia nini?

BABU: Halitasaidia. Kule Bartonsville, Vermont, palikuwa na daraja la 1870 la mtindo huuhuu wa Town. Tarehe 28 Agosti 2011, mvua za kimbunga Irene zililing'oa, likaenda na maji. Mwaka 2013 lilikuwa limesimama jingine pale pale, la mbao zilizopishana vilevile, na paa lake.

MJUKUU: Kwa nini hawakuweka zege, wapumzike?

BABU: Wangeweza. Lakini ufundi ukikosa kazi kizazi kimoja, unazikwa na wenyewe. Pale mafundi walipata daraja la kujenga, na vijana wakawaona wakilijenga. Paa hutunza mbao. Ufundi hutunzwa kwa kutumika. Hebu tia kidole hapa, mbao hizi mbili zinapoumana. Unasikia nini?

MJUKUU: Pakavu, Babu. Pakavu kabisa, na mvua yote hii.

BABU: Miaka zaidi ya 150. Haya, shuka kwenye baiskeli, tuvuke kwa miguu.